Mpokeaji Chipukizi Anatema Mipira: Tafuta Chanzo Kabla ya Kulaumu Mikono

Kila Septemba, ligi za watoto na za shule zikishapamba moto hapa Texas, naanza kupokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa wazazi wenzangu tuliotoka Afrika Mashariki na Kongo. Mtoto amechaguliwa timu ya futiboli ya Kimarekani, kocha kamweka nafasi ya mpokeaji, yule anayekimbia mbele kudaka mipira inayorushwa kwa mkono, kwa sababu ana mbio, na mbio kweli anazo, lakini mpira ukimfikia anautema. Baba mmoja aliniandikia: "Kaka, huyu kama kapakwa mlenda viganjani."

Nimesaidia makocha wa timu za watoto kwa misimu sita, kwa kujitolea, nikishughulika na wapokeaji wa miaka 9 hadi 14. Nilianza kwa sababu mwanangu mwenyewe alikuwa mmoja wa hao watemaji. Malalamiko ni yale yale kila mwaka, na kila mwaka wanaolaumiwa ni mikono, kwa kuwa mikono ndiyo inayoonekana. Lakini mipira mingi inayodondoka ilishapotea kabla haijagusa kidole: macho yalihama, au miguu ilifika vibaya, au kosa ni la mrushaji, na mrushaji wa nyumbani mara nyingi ni baba.

Nimepanga kwa dalili, na chini ya kila dalili chanzo kinachotokea zaidi kinatangulia. Usiruke hatua rahisi ukakimbilia ngumu. Palipoandikwa SIMAMA, simama kweli.

Kwanza kagua mpira, mrushaji, kisha mpime mtoto

Mpira wa NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, una urefu wa inchi 11 hivi, yaani sentimita 28, uzito wa aunsi 14 hadi 15, ambazo ni gramu 400 na kitu, na upepo wa psi (kipimo cha msukumo wa hewa) 12.5 hadi 13.5. Huo si mpira wa mtoto wa miaka kumi. Kampuni ya Wilson, inayotengeneza mipira ya NFL tangu 1941, ina saizi za watoto na huziandika kwenye mpira: K2 kwa miaka 6 hadi 9, TDJ kwa 9 hadi 12, TDY kwa 12 hadi 14. Tazama herufi hizo kabla hujamkaripia mtu. Nimeshakuta mtoto wa darasa la nne anafanyishwa mazoezi uani na mpira wa watu wazima, ulionunuliwa kwa hesabu kwamba "ataukulia", kama sare ya shule. Vidole vyake havikuweza kuzunguka hata nusu ya mpira. Kagua na upepo. Mpira uliojazwa kupita kiasi unaruka viganjani kama umegonga ukuta.

Halafu mrushaji. Sisi tuliokulia kwenye mpira wa miguu tunaurusha mpira huu vibaya: unayumba hewani kama kuku aliyefungwa miguu, au tunaupiga kwa nguvu zote kutoka hatua nne. Rusha kutoka yadi 5 hadi 7 (yadi ni pungufu kidogo ya mita), kwa nguvu ya wastani, mpira uzunguke kwenye mhimili wake. Kama huwezi, tafuta binamu anayeweza. Na kama kwotabeki, mrushaji mkuu wa timu, ni wa mkono wa kushoto ilhali mrushaji wa nyumbani ni wa kulia, ujue mpira unazunguka upande wa pili. Mtoto aliyezoea mzunguko mmoja huutema huo mwingine wiki nzima ya kwanza, na si kosa lake.

Sasa vipimo vitatu, mipira kumi kila kimoja, na uandike kwenye daftari.

Kwanza, amesimama mbele yako, yadi 7. Pili, amesimama vile vile, lakini ndugu yake amesimama mbele yake kando kidogo, anapunga mkono mpira unapopita. Tatu, anakimbia kukatiza mbele yako kwa mshazari.

Akitema kipimo cha kwanza, shida ni mikono au macho yenyewe. Akidaka cha kwanza akatema cha pili, anababaishwa au anaogopa. Akidaka viwili akatema cha tatu, shida iko kwenye miguu na kichwa, na utapoteza miezi ukimfundisha vidole. Kutenganisha macho na mikono, chukua mipira mitatu ya tenisi, andika 1, 2 na 3 kwa kalamu nene, kila namba pande zote, umrushie polepole ataje namba kabla ya kudaka. Anayetaja sawasawa kisha akadondosha ana shida ya mikono. Asiyetaja hakuona.

Pale nje ya uwanja, mechi ikiendelea, usihesabu kila mpira uliogusa ardhi. Hesabu tu ule uliomfikia mahali pa kudakika. Mpira uliorushwa yadi mbili nyuma yake ni wa kwotabeki.

Dalili: mpira unagonga viganja na kuruka mbele

Chanzo cha kawaida ni kuusukuma. Mtoto ananyoosha mikono mpaka viwiko vinakaza, kisha anaufuata mpira kwa viganja vigumu kama anazuia mlango. Mpira unakuta ubao, unarudi. Sikiliza mlio: ukisikia "pa!" kama kofi, umeingia kiganjani. Mpira uliodakwa kwa vidole karibu hauna mlio.

Ukiwahi kupita kwenye jengo la ghorofa linalojengwa Kariakoo au Eastleigh ukaona vibarua wakirushiana matofali kutoka chini kwenda juu, umeshaona dawa. Yule wa juu haligongi tofali. Analipokea huku mikono ikirudi nyuma pamoja nalo, la sivyo angekuwa hana ngozi. Jerry Rice, anayeshika rekodi ya NFL kwa mapokezi 1,549 (yaani mipira aliyodaka), alikulia Mississippi akimsaidia baba yake aliyekuwa mwashi, ndugu zake wakimrushia matofali. Sisemi umrushie mtoto matofali. Mrushie yai. Mayai sita, nje kwenye nyasi, kwa upole kutoka hatua tatu, na utaona viwiko vyenyewe vinalegea bila hotuba. Mama mwenye nyumba apewe taarifa mapema.

Chanzo cha pili ni umbo la mikono. Mpira ukija juu ya kitovu, vidole gumba viwili vikaribiane na vidole vya shahada vikaribiane, katikati pabaki tundu lenye umbo la kishada, na ncha ya mpira iingie hapo. Ukija chini ya kitovu, mikono inageuka: vidole vidogo ndivyo vinavyokaribiana. Watoto wengi wanajua umbo moja tu. Kosa kubwa liko mpakani, mpira ukija usawa wa tumbo, ambapo mkono mmoja unageuka na mwingine haugeuki. Hapo mfundishe kurekebisha kwa mwili: apige magoti kidogo ili mpira uwe wa kifuani, ndipo atumie kishada.

Chanzo cha tatu ni glovu. Glovu za wapokeaji hunata zikiwa safi, zikishakaa na vumbi na jasho ndani ya begi wiki tatu zinakuwa sabuni. Zifute kwa kitambaa chenye unyevu, zikauke kivulini. Gundi za kupaka mikononi usizifikirie, NFL ilizipiga marufuku tangu 1981. Mimi humfanyisha mtoto nusu ya mazoezi bila glovu kabisa, ili vidole vijifunze. Kuna makocha hawakubaliani nami kwenye hili.

Dalili: anaukumbatia mpira kifuani

Hii ni dalili ya nyumbani kwetu. Baba aliyewahi kuwa golikipa, au kaka aliyecheza raga Nakuru, amemfundisha mtoto kuulaza mpira kifuani. Kwa golikipa ni sahihi, na kwa raga pia inafaa. Lakini mpokeaji amevaa pedi za mabega, na chini ya jezi kuna plastiki ngumu. Mpira ukiigonga unaruka kabla mikono haijafunga. Mtoto anadaka vizuri mno uani akiwa na fulana, akivaa pedi siku ya mechi anatema, na baba anaapa kwamba kocha ndiye aliyemharibu.

Ukaguzi: mrushie mipira kumi akiwa na pedi na kumi akiwa na fulana. Tofauti ikiwa kubwa, chanzo umekipata.

Dawa ni kumlazimisha kukutana na mpira mbali na mwili. Msimamishe mgongo umeegemea ukuta, rusha usawa wa uso. Hana pa kurudi, na akiusubiri utampiga, kwa hiyo mikono inatoka yenyewe kuufuata. Tumia mpira laini wa sponji mwanzoni. Siku ya tatu rudi kwenye mpira wa kweli. Mwambie pia sababu, watoto hushika sababu kuliko amri: beki akiwa nyuma yako, mpira unaousubiri kifuani anaufikia na yeye, lakini ule unaoukuta sentimita arobaini mbele ya kifua ni wako peke yako.

Unabaki mpira mmoja ambao ni halali kuukumbatia: ule wa chini kabisa, anapoteleza kwa magoti. Huo aulaze kwenye mikono miwili iliyopangwa chini yake.

Dalili: anadaka, kisha anadondosha

Katika mechi hii ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayouma, maana umeshanyanyuka kushangilia.

Chanzo ni kimoja karibu siku zote: amegeuka kutafuta pa kukimbilia kabla mpira haujatulia. Ukirekodi kwa simu na kurudisha polepole utaona helmeti inageukia goli, na mikono inafunga hewa. Mrekodi kweli, umwonyeshe. Maneno yangu mia moja kwa mwanangu hayakufanya kilichofanywa na video ya sekunde nne. Alitazama mara tatu, akasema, "Baba, sikuwa naangalia kabisa." Alikuwa ameniapia kwamba alikuwa anaangalia.

Mazoezi: kila mpira, hata wa mzaha sebuleni, aufuate kwa macho mpaka uingie kwapani. Kidevu kishuke pamoja na mpira. Tulikuwa na sheria ndogo timu yetu: ukidaka, utazame mpira ulipo kwapani na useme "nimeuona" ndipo ugeuke. Kwa siku mbili inachekesha, baada ya wiki mbili haisemwi tena, inafanyika.

Chanzo cha pili ni kutojua kuufunga. Mpira ukishadakwa una sehemu zake za kukaa: vidole vimezunguka ncha ya mbele, mkono wa chini umelala ubavuni mwa mpira, ncha ya nyuma imeingia kwenye mkunjo wa kiwiko, na mpira mzima umebanwa mbavuni. Mtembeze mtoto nyumbani na mpira huo jioni nzima, ndugu zake waruhusiwe kuuchomoa kwa kushtukiza. Usiruhusu karibu na televisheni.

Dalili: mipira mirefu inayotoka nyuma inampita au inampiga begani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wazazi hudhani huu ni udhaifu wa mikono, na mikono haihusiki hata kidogo mpaka sekunde ya mwisho.

Mtoto anakimbia moja kwa moja kuelekea goli, mpira unakuja juu kutoka nyuma ya bega. Kosa la kwanza: ananyoosha mikono mapema. Jaribu mwenyewe kukimbia na mikono mbele kama mtu anayetafuta swichi gizani, utaona mbio zinavyokufa. Mpira unadondoka yadi mbili mbele yake, kila mtu anasema umerushwa mrefu mno. Haukuwa mrefu, yeye ndiye alifunga breki. Na beki anayemkaba, ambaye hauoni mpira, huangalia mikono ya mpokeaji kama saa: ikinyanyuka naye ananyanyua. Kwa hiyo mikono itoke dakika ya mwisho kabisa.

Kosa la pili ni kukimbilia visigino. Anayetua kwa kisigino kichwa chake kinaruka, helmeti inaruka, na mpira machoni pake unacheza kama picha ya simu iliyoshikwa na mtu anayekimbia. Mfundishe kukimbia kwa mbele ya nyayo, mabega yametulia. Mpe wiki mbili za kukimbia huku akisoma namba unazoonyesha kwa vidole nyuma yake, bila mpira wowote.

Kosa la tatu ni mikono yenyewe: mpira wa kutoka nyuma unadakwa viganja vikitazama juu, vidole vidogo vimegusana, kama mtu anayekinga maji ya kutawadha. Wengi hugeuza mwili mzima ili watumie kishada, wanajikwaa. Anza naye akiwa amelala chali kwenye nyasi, urushe mpira juu ya kichwa chake kutoka upande wa kichwani ili uje ukitokea nyuma ya paji. Halafu aketi. Halafu atembee. Kukimbia kuje mwisho.

Kagua na helmeti. Ukingo wake wa mbele ukae kama upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Helmeti iliyolegea hushuka machoni kila anapoinua kichwa, na nimeona mtoto akitema mipira mirefu msimu mzima kwa sababu hiyo peke yake. Ilikuwa ya kaka yake.

Dalili: anafumba macho au anageuza uso

Ni woga, na woga hautibiwi kwa kukaripia. Kinachobaki ni kujua anaogopa nini.

Akifumba hata mkiwa wawili uani, anaogopa mpira. Pengine ulimpiga puani siku moja na hakusema. Rudi kwenye mpira wa soksi, ule ule wa rede, kisha sponji, kisha tenisi, kisha mpira wa saizi yake, na kila hatua ichukue siku zake. Mdako nao husaidia kuliko vifaa vingi vinavyouzwa: kuinua kijiwe kimoja juu, kuokota vingine, na kukidaka cha juu kabla hakijatua, kunafundisha macho kuacha kitu na kukirudia bila kupaniki. Mwanangu alifundishwa na bibi yake aliyekuja kututembelea, na alipigwa vibaya sana na bibi.

Akidaka uani lakini akafumba beki akiwa karibu, anaogopa kugongwa. Anasikia nyayo. Mwanzo mpe mguso mdogo: anapodaka, umguse ubavuni kwa mto wa kochi. Ongeza polepole. Lengo ni mwili ujue kwamba kugongwa kunakuja baada ya kudaka, na kwamba aliyegongwa bila mpira ameumia bure.

SIMAMA: kama woga umeanza baada ya kugongwa kichwani, au kama mtoto analalamikia maumivu ya tumbo kila siku ya mazoezi, acha mazoezi ya udakaji. La kwanza ni la daktari. La pili ni la mazungumzo, na katika mazungumzo hayo jibu linaweza kuwa kwamba hataki kucheza. Kuna futiboli ya bendera isiyo na kugongana, itakayochezwa hata kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028. Si aibu kuhamia huko.

Dalili: mazoezini anadaka kila kitu, mechi ikianza hadaki

Angalia kwanza uchovu. Mipira anayotema ikiwa mingi ni ya kipindi cha mwisho, shida ni pumzi. Mwishoni mwa mazoezi, akiwa amechoka, ndipo umrushie, mipira ishirini tu.

Kama anatema tangu mpira wa kwanza, geuka uangalie jukwaani. Nani anapiga kelele? Sisi akina baba tunadhani tukipayuka "Shika mpira!" kwa Kiswahili tunamsaidia kwa siri. Tunachofanya ni kumwongezea kitu cha pili cha kusikiliza wakati anahitaji kutazama kitu kimoja. Nilijipa adhabu ya kutafuna karanga kila timu yetu inaposhambulia. Mdomo uliojaa haupayuki.

Kuna na ugonjwa wa mkono mmoja. Tangu Novemba 23, 2014, Odell Beckham alipodaka ule mpira wa mkono mmoja akiwa New York Giants dhidi ya Dallas Cowboys, kila mtoto anataka wake. Wanasahau kwamba alikuwa anavutwa na beki na mkono wa pili haukuwa na nafasi. Simkatazi mtoto kucheza hivyo kabla ya mazoezi, inafundisha vidole. Kwenye mechi mkono wa pili ukiwa huru na hautumiki, akae benchi mpigo mmoja, yaani tangu mpira unapoanzishwa mpaka unaposimama.

Mpira mmoja ukitemwa huzaa wa pili, kwa kuwa mtoto anaufikiria ule wa kwanza. Mwambie kwamba Rice huyo wa matofali alitema mipira mingi msimu wake wa kwanza San Francisco, 1985. Halafu umpe mpira mfupi, rahisi, mapema. Ongea na kocha kwa adabu, faragha, si jukwaani.

Dalili: anatema upande mmoja tu, au jioni tu, au anaonekana kuchelewa kila mpira

Hapa daftari lako linalipa. Mwanangu alikuwa akidaka kushoto, anatema kulia, na mechi za jioni chini ya taa zilikuwa balaa. Nilimfanyisha mikono yake mwaka mzima.

Sababu ya kwanza ni ya kufundishika: hajawahi kuzoezwa upande huo. Mrushie theluthi mbili za mipira upande dhaifu kwa wiki mbili. Sababu ya pili ni kioo cheusi cha helmeti, ambacho kanuni za futiboli ya sekondari haziruhusu; kinachoruhusiwa ni kile kisicho na rangi. Kivue.

Bado? SIMAMA, mpeleke kwa mtaalamu wa macho. Usiridhike na kipimo cha shule cha kusoma herufi ukutani. Kipimo hicho kinaonyesha kama anaona mbali, hakionyeshi kama macho mawili yanafanya kazi pamoja kitu kinapokaribia uso. Mweleze mtaalamu waziwazi kwamba mtoto hukosa vitu vinavyorushwa, na taja kama anafinya jicho, anainamisha kichwa, au anaumwa kichwa baada ya kusoma. Larry Fitzgerald, aliyemaliza NFL na mapokezi 1,432, alipewa mazoezi ya macho tangu shule ya msingi na babu yake, aliyekuwa mtaalamu wa macho Chicago. Kwa mwanangu ilikuwa miwani tu. Jicho la kulia lilikuwa haliuoni mpira mpaka uko hatua chache. Sasa anavaa lenzi akicheza, na kwa ule mwaka wa "kazia mikono, kazia mikono" nimemwomba radhi.

Baridi na mvua

Novemba, hasa kwa mlioko Minnesota au Ohio, mpira unakuwa mgumu na vidole vinakufa ganzi. Pasha mikono kwenye mfuko wa kiunoni kati ya mipigo, mazoezi mengine yafanyike nje kwenye baridi ile ile, na mvua ikinyesha mikono miwili bila mjadala. Vidole vikiwa vyeupe na havihisi kitu, ndani.

Dalili: alikuwa anadaka vizuri, ghafla ameacha

Hii usiitafutie mazoezi. Mabadiliko ya ghafla kwa mtoto aliyekuwa sawa ni mwili unaosema jambo, na watoto huficha maumivu ili wasivuliwe jezi.

Kagua vidole kimoja kimoja, mikono yote miwili ikiwa mezani. Ncha ya kidole ikiwa imeinama na hawezi kuinyoosha mwenyewe, mpira umeipiga ncha na mshipa wa kunyoosha umekatika, au mfupa umevunjika karibu na sehemu inayokua. Kidole hicho hufungwa kifaa cha kukinyoosha wiki 6 hadi 8 bila kuvua, na daktari ndiye anayeamua. Kidole kilichotoka mahali pake usikivute, hata kama mjomba amevivuta vingi. Apigwe picha kwanza.

Halafu kichwa. Mtoto aliyegongwa kisha akaanza kuchelewa mipira, kuona mawili, kusahau mipango, kukasirika ovyo au kulala kupita kawaida, anaweza kuwa na mtikisiko wa ubongo hata kama hakuzimia. SIMAMA papo hapo. Harudi uwanjani siku hiyo, na harudi siku nyingine mpaka mtaalamu wa afya amruhusu. Majimbo yote 50 ya Marekani yana sheria juu ya hili, kwa hiyo kocha akikuambia "yuko sawa, anywe maji", una haki ya kumtoa. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, au ikiwa vigumu kumwamsha, piga 911, usisubiri kumaliza robo ya mchezo.

Na kidole kisichoweza kukunja ncha yake, hasa cha pete, hasa baada ya kunasa kwenye jezi ya mtu, ni haraka kuliko kinavyoonekana. Hakivimbi sana, hakitishi, ndiyo maana hupuuzwa. Mshipa wa kukunja umekatika na kurudi nyuma mkononi, na upasuaji unatakiwa ndani ya siku chache. Msimu wangu wa pili nilimshika mtoto aliyekuwa anaanguka, kidole changu kikabaki kwenye jezi yake. Nilikifunga kitambaa nikaendelea kurusha mipira. Nilipofika kwa daktari ilikuwa wiki ya sita, na mpaka leo nikishika kikombe cha chai kidole hicho kinabaki kimesimama, watoto wa timu wanadhani ni maringo.